Bustani Yetu ya Batina

Watu wa Unguja huilalamikia kaskazi, nao wana haki yao, kwani jua la Januari na Februari huwatoa jasho na kuwakaushia mboga. Walakini kaskazi ina mwisho unaojulikana, nao ni masika, na kila mwenye bustani huvumilia akijua kwamba mvua i njiani. Kiangazi cha Batina, katika pwani ya Omani, hakina masika nyuma yake. Huingia Mei, hushitadi Juni na Julai, kisha hupungua nguvu taratibu hata Septemba ikapita, na mwenye kuingojea mvua imsaidie atangoja bure, maana nchi ile kwa mwaka mzima hupata takriban milimita 100, ilhali Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500.

Sisi tulikuwa miongoni mwa waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, tukapita Mombasa na Dubai, na baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika mamlaka na kuwaita nyumbani Waomani waliotawanyika ng'ambo, tukapata nyumba yenye kiwanja karibu na Barka. Mama yangu, Mungu amrehemu, alifungua kifurushi cha mbegu kabla hajafungua sanduku la nguo: mchicha, bamia, mbaazi, pilipili mbuzi na mrehani. Alilima kwa desturi ya kwao, yaani alichagua mahali peupe palipopigwa na jua kutwa, kwa kuwa kule Unguja mboga huharibiwa na unyevu na kivuli cha miembe zaidi kuliko jua. Akamwagilia asubuhi jua likiwa limekwisha kuchomoza, kanga kiunoni, akizungumza na jirani juu ya ukuta. Na mboga zikaota, hata wageni wakastaajabu. Sababu ilikuwa moja tu, ambayo wakati ule hakuna aliyeitia maanani: kisima chetu kilikuwa na maji matamu, nayo yalikuwa karibu.

Wazee wa Batina walikuwa wakitusimulia habari za visima vyao vya zamani, ambavyo maji yake yalitekwa na ng'ombe aliyeshuka mteremko akivuta kamba, huku gurudumu la mbao lililokuwa juu ya kisima likilia kiasi cha kusikika mashamba ya mbali. Ng'ombe huchoka, na akichoka yeye kisima nacho hupumzika. Mashine ya kuvutia maji haichoki, na katika miaka ile ya neema kila mwenye uwezo alinunua ya kwake, nasi tukanunua. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Yakivutwa kupita kile kinachorudishwa na mvua za milimani, maji ya chumvi husogea bara na kupanda. Mambo hayo hayaonekani kwa macho. Kwetu yalianza kwa chai kupoteza ladha yake, kisha kingo za majani ya mdimu zikawa za rangi ya kahawia, na miaka si mingi baadaye midimu yote ilikuwa kuni. Insafu yanitaka niseme kwamba si chumvi peke yake iliyoiua midimu ya Batina, kwani ulizuka pia ule ugonjwa unaoyafanya matawi yachipue vijiti vyembamba visivyo na idadi, vimesongamana kama ufagio, na mashamba mengi ambayo ndimu zake zilikaushwa na kuuzwa Ghuba nzima yakabaki magofu.

Mabadiliko katika bustani yetu hayakuanzia Batina, yalianzia Nizwa, kwa ami yangu mmoja aliyekuwa na hisa ya maji katika falaji. Falaji ni mfereji wa kale unaoyaleta maji kutoka chini ya vilima kwa mteremko peke yake, bila mashine. Omani bado ina zaidi ya elfu tatu zinazotiririka, na mwaka 2006 tano kati yake, ikiwamo Daris ya hapo Nizwa, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Maji hugawanywa kwa muda, na kipimo chake ni athari, ambayo ni kadiri ya nusu saa, zamani wakiihesabu kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku. Nilimwuliza, "Ami, mbona mboga zako haziungui, na jua ni hili hili?" Hakunijibu. Alinishika mkono akanisimamisha adhuhuri chini ya mitende, kisha akanitoa nje uwanjani, akaniacha hapo kitambo, ndipo akasema, "Wewe ungekaa wapi?" Shamba lake lilikuwa la ghorofa tatu: mitende juu, midimu na migomba katikati, mboga na majani ya mifugo chini kabisa.

Niliporejea nikaanza kupanda machipukizi ya mitende, ya khalasi na ya khunaizi, katikati ya matuta ya mama, naye hakupendezwa hata kidogo. "Mwanangu, wanifunikia mboga zangu," alisema, na kwa miaka minne mitano alikuwa na hoja, kwani mtende mchanga hula nafasi wala hauleti kivuli wala tende. Kisima hatukukifunga. Mtende hustahimili chumvi ambayo mdimu hauiwezi, basi maji ya kisima yakawa ya mitende, na maji ya bomba, ambayo nayo ni ya bahari yaliyotolewa chumvi mitamboni na yenye kulipiwa, yakawa ya mboga peke yake.

Mpango huo ulipata mtihani wake 2018. Tarehe 26 Juni, huko Quriyat, upande wa pili wa Maskati, joto halikushuka chini ya digrii 42.6 usiku na mchana, jambo ambalo halikuwahi kurekodiwa popote duniani. Kwetu hatukufikia hapo, lakini maji ya tangi la darini yalitoka ya moto hata usiku, kiasi cha kuweza kuua mizizi. Tukawa tunayateka magharibi na kuyaacha katika majahala, ile mitungi ya udongo ya Bahla, yapoe chini ya mitende, na kumwagilia kabla ya alfajiri. Majahala yaliyochakaa tukayafukia kati ya matuta, yatoe maji kidogo kidogo. Ardhi tukaifunika makuti. Nyanya ziliangusha maua yote, na mchicha ulitoa mbegu kabla haujafaa kuchumwa. Bamia na mrehani zilipona, pilipili zikaacha kuzaa ila hazikufa.

Tangu hapo mchicha hatuupandi tena kiangazi. Mpwa wangu, aliyejenga Suwaiq juzijuzi, amekuja kuomba machipukizi, nami nimempa ya khasabu, kwa kuwa hiyo huchelewa kuiva na tende zake humfaa mtu khunaizi zikiisha. Anataka na mbegu za bibi yake azimwage wiki hii. Nimemwambia arudi Oktoba.