Usinunue Ruta Nyingine Kwanza

Likasi

Mwipwa wangu,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, nikaona jibu lake si la simu. Ni la kusoma ukiwa umesimama mbele ya ruta yenyewe.

Unasema Wi-Fi inakatika ovyo, matamko ya forodha yanakufia mkononi ukiwa ndani ya mfumo wa Sydonia, na wateja wako wa Kasumbalesa wanakupigia simu kwa hasira kwa sababu malori yao yamesimama. Rafiki yako amekushauri uitupe ruta ununue mpya, au uhamie Starlink kabisa, maadamu imeruhusiwa nchini tangu 2025. Nakuomba usitoe hata faranga kwanza. Starlink inabadilisha hasa njia ya nje. Kama ugonjwa uko ndani ya nyumba, utalipa antena ya juu ya bati na bado unaweza kukatika vilevile.

Unajua miaka yote nilikuwa fundi wa simu za waya migodini. Laini ndefu ikifa, hatukuzunguka nguzo kwa nguzo tukibahatisha. Tulikwenda katikati ya laini, tukaifungua, tukasikiliza. Upande mmoja ukiwa hai, ugonjwa uko upande wa pili, nasi tunaugawa huo tena. Laini yako ni fupi, lakini dawa ni hiyohiyo. Ina vipande vitatu: umeme unaoilisha ruta, hewa kati ya ruta na kompyuta, na njia ya kutoka ruta kwenda kwa kampuni ya mtandao.

Siku itakapokatika tena, usikimbilie kuizima na kuiwasha. Najua ndiyo desturi ya kila nyumba, na mara nyingi inasaidia kwa muda, lakini inafuta ushahidi wote. Tazama taa kwanza. Kisha, ukiwa bado umeunganishwa, andika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, au anwani iliyochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Ukurasa wa ruta ukifunguka huku tovuti za nje zimekufa, hewa ya nyumbani ni nzima. Ugonjwa uko nje, au kwenye umeme. Usipofunguka, chomeka kebo ya mtandao kutoka ruta hadi kompyuta ujaribu tena. Kwa kebo unafunguka na kwa Wi-Fi haufunguki? Basi ni hewa.

Kwenye ukurasa huo tafuta mahali palipoandikwa muda ambao ruta imekuwa ikiwaka. Hapo ndipo ninapotaka ukae sana. Kama hukuigusa tangu asubuhi, nayo inakuambia imewaka dakika ishirini tu, ujue ilizimika yenyewe bila wewe kuona. Ruta ikizimika hata kwa nusu sekunde, huanza upya kabisa, na itachukua dakika moja au mbili kabla ya kukurudishia mtandao. Taa ya chumba inapepesa tu na kuendelea. Wewe unasema umeme haukukatika, na unalaumu Wi-Fi.

Mimi naushuku umeme kuliko kitu kingine chochote. Si lile delestaji kubwa la kukata umeme ambalo mtaa mzima unaliona. Umeme wa Katanga unatoka hasa kwenye vituo vya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, na mwingine unatoka Inga kwa laini ya kilomita kama 1,700, lakini kwa ruta yako mimi naogopa zaidi mita chache za mwisho: ule waya mwembamba unaotoka nguzoni kuingia lupango, nyumba zote zikiwa zimejiunga nao, na jioni kila mama amewasha resho kupika bukari. Fuata waya wako hadi prizi. Shika adapta, uitikise kidogo. Ikilegea kwenye prizi, au taa za ruta zikipepesa ukigusa kipini kinachoingia kwenye ruta, umeshampata mwizi. Ralonji, ule waya wa kurefusha umeme, iliyoungua rangi ya kahawia kwenye matundu, itoe leo hii. Hiyo hata nyumba inaweza kuichoma.

Adapta nayo huzeeka. Iguse baada ya saa chache: joto kidogo ni sawa, lakini ikichoma mkono au ikilia kama mbu, ibadilishe. Soma kilichoandikwa juu yake. Kama ni 12V 1A, mpya iwe 12V, na ampea iwe 1 au zaidi, isipungue. Volti lazima ziwe zilezile, na alama ya kipini ionyeshe chanya na hasi upande uleule. Ukitaka kutumia pesa, itumie kwa kibetri kidogo cha ruta, kile kinachokaa kati ya adapta na ruta na kushikilia umeme ukiyumba. Hata hicho kiwe cha volti za ruta yako.

Ikithibitika kwamba ruta haizimiki, geukia hewa. Umeniambia ruta iko nyuma ya televisheni, kwenye kabati la chuma. Itoe humo. Chuma kinazuia mawimbi, na kabati linaipika, hasa mwezi wa kumi kabla ya mvua. Iweke katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Masafa ya GHz 5 yana kasi, lakini ukuta wa matofali unayachosha upesi kuliko ya GHz 2.4. Kama simu yako inarukaruka kati ya hayo mawili, yape majina tofauti na uchague moja kwa kila chombo. Kwenye GHz 2.4, ruta za majirani zinasongamana. Weka chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na upana wa MHz 20. Usiiache ijichagulie yenyewe, maana ikihama chaneli mchana inaweza kuwatupa nje wote waliounganishwa. Badilisha kitu kimoja, ukae nacho siku nzima, uandike. Ukibadilisha vitano pamoja hutajua kipi kimeponya.

Kuna jambo la lupango. Kama jirani amevuta kebo kutoka kwako na kuchomeka ruta yake ya zamani, nazo zote mbili zinagawa anwani, vyombo vinaweza kupokea anwani za kugongana na kukatika bila sababu inayoonekana. Ongea naye kwa upole. Kwenye ruta yake izimwe kazi ya kugawa anwani, na anwani yake yenyewe iwe tofauti na ya kwako. Na vijana wote wenye neno lako la siri, usiwafukuze. Wafungulie mtandao wa wageni, uwawekee kikomo cha kasi saa zako za kazi, na uwaeleze kwa nini. Watu tunaoishi nao lupango moja hatuwafungii mlango kimyakimya.

Kama baada ya hayo yote ruta inawaka bila kuzimika, mtandao unakatika hata kwa kebo, na ukurasa wa ruta unafunguka vizuri, ndipo uende kwa kampuni. Nenda na daftari lenye tarehe, saa, na taa zilizokuwa zikiwaka. Fundi akiona hayo atajua aanzie wapi.

Mvua zikianza, kabla radi haijafika, chomoa adapta na kebo ya nje pia, vyote viwili, kwa sababu radi huweza kuingia hata kwa kebo. Kabla hujabadilisha chochote, nitumie picha ya ule ukurasa unaoonyesha muda wa kuwaka, na picha ya maandishi ya adapta.

Mjomba wako