Saa ya Marehemu Baba

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Mimi niliyapuuza maneno hayo, na nusura yanitokee puani.

Muhula uliopita, mama alinikabidhi saa ya mkono aliyoiacha marehemu baba. Mkanda wake ni wa chuma. Baba alikuwa pande la mtu, nami mkono wangu ni kama ufito. Nilipoinua mkono darasani, saa iliteleza hadi karibu na kiwiko. Wenzangu wakaangua kicheko. "Wee, hiyo ni saa ama ni bangili ya nyanyako?" mmoja akauliza. Niliona haya si haba.

Jioni hiyo, kabla mama hajarudi kutoka sokoni, nilichukua nyundo na msumari mwembamba, nikagonga pini inayoshikanisha vipande vya mkanda. Haikutoka. Nikagonga tena kwa hasira. Lo! Msumari uliteleza ukachora mstari kwenye chuma, na pini ikapinda. Mama alipofika nilimwonyesha, machozi yakinilengalenga. Hakunifokea. Alinyamaza tu, akaipangusa saa kwa leso yake. Kimya hicho kiliniuma kuliko kiboko.

Jumamosi tulienda kwa fundi wa saa. "Kijana, kwani hukuona mishale?" aliniuliza. Kumbe upande wa ndani wa mkanda ule mna vishale vidogo! Pini husukumwa itoke kwa kufuata mshale, na hurudishwa kinyume chake. Mimi nilikuwa nikigonga upande usiofaa. Fundi alitandika kitambaa cheupe ili pini zisipotee, akatoa vipande viwili kila upande, kifungo kipate kukaa katikati ya mkono. Kisha akapitisha kidole chake kidogo chini ya mkanda. "Sasa iko sawa," akasema.

Nilidhani vipande vile vinne vitatupwa. La, fundi alivifunga kwa karatasi, akampa mama. "Viweke, mama. Mkono wa huyu bado unakua."

Mama amevihifadhi kabatini, ndani ya kikombe alichokuwa akinywea baba chai. Ule mstari nao bado uko kwenye saa yangu, na kila nikitazama saa nauona.

Wenzangu, msione haya kuuliza. Nami naingoja siku nitakaporudi kwa fundi na vile vipande, mkono wangu ukiwa umefikia wa baba.