Siku Moja Maskati: Kuteremka Bandarini na Familia kwa Gharama Ndogo



Ndugu wasomaji, tangu tuliporudi kutoka safarini, wazazi kadhaa wa wanafunzi wetu hapa Buyenzi wametusimamisha njiani na kutuuliza swali moja: mwalimu wa madrasa kapata wapi pesa za kupanda meli ya kitalii? Jibu ni fupi: hatukuzipata. Aliyezipata ni shemeji yetu, kaka wa mama watoto, ambaye amefanya kazi Dubai kwa miaka mingi. Mwezi wa Disemba 2023 alitulipia tiketi za ndege kutoka Bujumbura na vyumba viwili vya meli kwa siku saba, sisi na mama watoto na watoto wetu watatu. Lakini alituambia wazi tangu mwanzo: "Shemeji, melini mmelipiwa kulala na kula. Mkishuka bandarini, huko ni mfuko wenu."

Na mfuko wetu mnaujua. Kwa hiyo tunaandika haya, kwanza kwa ajili ya familia ambazo In shaa Allaah zitajaaliwa safari kama hii, na pili kwa sababu katika safari hiyo tulikuwa na jambo letu moja ambalo lilikuwa kubwa kuliko meli yenyewe.

Jambo lenyewe

Shangazi yetu alihamia Maskati mwaka 1995 pamoja na mumewe, ambaye asili yake ni Oman. Tangu hapo hatukuonana naye uso kwa uso. Miaka 28. Yeye ndiye aliyetushika kidole na kutuonesha alifu na be kabla hatujapelekwa chuoni. Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi, na tangu hapo kumbukumbu yake imekuwa ikipungua kidogo kidogo. Shemeji alipotutumia ratiba ya meli, tukaona Dubai, Abu Dhabi, Doha, siku moja baharini, kisha Maskati, macho yetu yalisimama hapo pa mwisho. Meli ingefunga saa mbili asubuhi, na abiria wote walitakiwa wawe ndani saa kumi na moja na nusu jioni. Siku moja tu, na siku yenyewe haikuwa nzima.

Mama watoto alikuwa na hamu nyingine. Alitaka watoto wauone Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, wenye zulia moja lenye uzito wa tani 21 lililofumwa kwa mkono kwa miaka minne. Haki yake. Lakini mahali pawili, watoto watatu na saa zenye kuhesabika, tulijua kuna kimoja kitakachoachwa.

Kwa nini hatukununua ziara za meli

Melini kuna meza inayouza ziara za kila bandari. Unalipa, unapandishwa basi, unaoneshwa mji na kurudishwa. Ziara ya Maskati waliitaja kwa dola 55 kwa mtu mzima. Kwa watu watano, hata watoto wakipunguziwa, hiyo ni pesa ya kuendesha nyumba yetu kwa muda mrefu. Tena hakuna basi la watalii litakalokupeleka kwa shangazi yako.

Hata hivyo tuseme ukweli, ziara za meli zina faida moja kubwa. Basi lao likichelewa, meli hungoja. Wewe uliyekwenda kwa miguu yako ukichelewa, meli hung'oa nanga na kukuacha gatini na watoto wako, na gharama ya kuifuata bandari inayofuata ni yako. Anayetaka kwenda peke yake na ayatie hayo akilini kabla ya kuhesabu alichookoa.

Abu Dhabi hatukupata taabu. Msikiti wa Sheikh Zayed, uliofunguliwa mwaka 2007, wenye makuba 82, hauna kiingilio. Tulijiandikisha mapema kwa intaneti tukiwa bado Buyenzi, na mjini tulipanda basi la kawaida kwa kadi yao ya Hafilat. Kabla ya hapo, siku ya kwanza Dubai, watoto walivuka hori kwa abra, ile mashua ndogo ya abiria, kwa dirhamu moja kila mtu. Mpaka leo mtoto wetu wa mwisho anasema hiyo ndiyo meli aliyoipenda.

Somo la Doha

Doha ndipo tulipofundishwa adabu. Gati la meli lipo karibu na mji wa zamani. Tuliitazama Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu kwa nje, tukapumzika kwenye bustani yake bila kulipa kitu, tukapanda treni ya mjini iliyoanza kazi mwaka 2019. Nauli ya kawaida ilikuwa riali 2 za Qatar, na kwa siku nzima haizidi 6. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza kama wasafiri, kisha tukazurura Souq Waqif, karibu na ule mnara uliojipinda kama konokono.

Simu yetu ilisema saa kumi kamili. Mwisho wa kupanda meli ulikuwa saa kumi na moja na nusu. Tukasema, Alhamdu liLlaah, tuna saa nzima na nusu, tunywe chai. Hapo binti yetu mkubwa, mwenye miaka 14, akatazama saa yake ya mkononi aliyonunuliwa soko la Bujumbura, akasema: "Baba, mbona yangu inasema saa kumi na moja?"

Alikuwa sahihi yeye. Qatar iko nyuma ya Imarati kwa saa moja. Simu ilijibadilisha yenyewe tuliposhuka, na meli ilibaki na saa ya Dubai. Hatukuwa na saa moja na nusu, tulikuwa na nusu saa. Chai tuliiacha mezani. Tulikamata teksi, tukabeba mtoto mgongoni kwenye foleni ya ukaguzi, tukaingia melini zimebaki dakika nane. Mama watoto hakusema neno mpaka tulipofika chumbani. Kisha akasema: "Maskati ikiwa hivi, tutamkosa Shangazi au tutaikosa meli."

Usiku ule, na siku iliyofuata tukiwa baharini, tuliketi na karatasi na kuipanga Maskati upya. Tukaweka sharti: saa inayofuatwa ni ya mkononi mwa binti, iliyolinganishwa na saa ya ukutani melini. Na langoni bandarini tuwe tumerudi saa mbili kabla ya mwisho, yaani saa tisa na nusu alasiri. Tulipotoa muda huo na muda wa njiani, ilionekana wazi kuwa msikiti na shangazi havikai pamoja. Mama watoto akachukua kalamu akaufuta msikiti yeye mwenyewe. Hatukumwomba.

Maskati

Meli zinafunga katika Bandari ya Sultan Qaboos, pale Matrah. Ndani ya bandari hairuhusiwi kutembea kwa miguu, lakini kuna basi la bure mpaka langoni, na kutoka hapo soko la Matrah ni mwendo mfupi kando ya bahari. Binamu yetu, mtoto wa Shangazi, alikuwa ameahidi kutufuata kwa gari. Tulipofika langoni tukakuta ujumbe wake: ameitwa kazini ghafla, hawezi kutoka.

Basi ikabidi tuwaendee madereva wa teksi. Shangazi anakaa Al-Khuwair, kiasi cha kilomita 20. Dereva wa kwanza alitaja bei ambayo hatutaiandika hapa. Wa pili, mzee mwenye kanzu na kofia ya Kiomani, akatutajia riali 20 kwenda na kurudi. Riali ya Oman si ya kuchezewa, moja ni kama dola mbili na senti 60. Tukamgeukia mama watoto tukamwambia kwa Kiswahili: "Mzee huyu anataka kutunyonyoa." Mzee akajibu, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chetu: "Mimi sinyonyoi mtu, mwanangu. Sema ulicho nacho."

Tuliona haya, tukamwomba radhi, naye akacheka mpaka akashika boneti. Maskati, ndugu zetu, chungeni ndimi zenu, kwani wako wengi waliozaliwa Unguja, Bujumbura, Kigali na Kongo. Tulikubaliana riali 12, sita za kwenda na sita za kurudi, na zile za kurudi tumpe tukishafika langoni. Aje kutuchukua saa nane kamili.

Shangazi alikuwa amelazwa kwenye kitanda karibu na dirisha. Tulimbusu mkono, tukampa kahawa ya Ngozi na majani ya chai ya Teza tuliyomletea. Alitutazama kwa muda, kisha akatuita kwa jina la marehemu baba yetu. Hatukumsahihisha. Alituuliza habari za watu waliokwisha kufa zamani, nasi tukajibu kuwa hawajambo, kisha tukanyamaza kwa sababu hatukujua kama jibu lile ni uongo au ni huruma.

Aliyetutoa hapo ni mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka saba. Mwenye nyumba, mke wa binamu, alimwomba amsomee bibi Suuratul Faatihah. Akaanza. Na mkono wa Shangazi, ule mzima, ukaanza kugonga shuka kwa kidole kimoja, ukihesabu kila mahali pa kuvuta, kama alivyokuwa akitugongea sisi juu ya mkeka. Mtoto alipofupisha mahali panapovutwa, kidole kikasimama. Akarudia, akavuta sawa, kidole kikaendelea.

Alipomaliza, Shangazi akauliza: "Huyu kafundishwa na nani?"

Tukasema: "Na mimi, Shangazi."

"Na wewe ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

Akatutazama tena, mara hii akatutaja kwa jina letu wenyewe. Haikudumu. Baada ya chakula alikwisha kurudi kwenye jina la baba. Lakini alilitaja, na watoto walisikia.

Saa nane ilifika, dereva hakutokea. Saa nane na robo, hayupo. Simu yake haikupokelewa. Mama watoto alikuwa amesimama barazani na viatu miguuni. Tulikuwa tumejiwekea mpaka tangu melini: ikifika saa tisa, tunapanda gari lolote kwa bei yoyote. Saa tisa kasoro dakika ishirini mzee akaja, gari lilipata pancha, akaomba msamaha mara tatu. Njiani hatukuupita Msikiti Mkuu, upo mbele zaidi ya Al-Khuwair. Langoni tulifika saa tisa na dakika kumi. Tukampa riali zake sita, akamrudishia mtoto mdogo riali moja, akasema ni ya yule aliyemwita mnyonyaji.

Tulilotoka nalo

Kwa familia zitakazotaka kushuka bandarini zenyewe, tunausia haya kwa uzoefu wetu mdogo:

1. Viza kwanza. Meli ikitoka Dubai na kurudi Dubai, umetoka nchini na unaingia upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Ulizeni kila nchi kwa pasipoti yenu, si kwa pasipoti ya jirani.

2. Saa moja tu iongoze familia, nayo ni ya meli. Msiiamini simu inayojibadilisha.

3. Chagueni jambo moja kwa kila bandari. La pili likipatikana, ni ziada.

4. Bei ya teksi isemwe kabla mlango haujafunguliwa, na nauli ya kurudi ilipwe mkirudi. Wekeni mpaka wa kungoja mapema, mkiwa bado hamjahamanika.

5. Andikeni kwenye karatasi jina la bandari na saa ya mwisho, kila mtoto awe nayo mfukoni.

6. Swalah zipangeni pamoja na safari. Anayejua atakaposwali Adhuhuri hupata pia mahali pa kupumzisha watoto.

Siku ile Maskati tulitumia riali 12 za teksi, kama dola 31, na riali mbili za juisi na ubani pale Matrah. Ziara ya meli ingetutoa mara kadhaa zaidi.

Wiki moja baada ya kurudi, binamu alitupigia simu. Alisema Shangazi anatuulizia kila siku, anataka kujua tutakwenda lini kumtazama. Hakumbuki kuwa tulikwenda. Tulikaa kimya na simu mkononi. Binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa akisikiliza, akasema: "Si neno, Baba. Sisi tunakumbuka."

Mama watoto bado anautaja ule msikiti, na tumemwahidi, Allaah akituwezesha. Tunawaomba nyote mumkumbuke Shangazi katika du'aa zenu, na kila mwenye mzee wake mbali, ajue kuwa saa tano za kuwa naye ni nyingi.

Wabillaahi tawfiyq. Wassalaamu 'alaykum.