Kabureta Haikuwa na Kosa

Najua nimepotea. Wikiendi nilikuwa nyumbani Ukerewe, sasa nipo hostel nasubiri kipindi cha saa nane. Wacha niwape stori.

Baba mdogo ana mashine ya boti ya zamani, stroku mbili, nguvu za farasi 40. Hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya sekondari. Ikaanza tabia mbaya: ukiiwasha inawaka, ukienda polepole inaenda, ukifungua mafuta mpaka mwisho inakohoa, halafu kimya. Wiki iliyopita ilimzimikia katikati ya maji, upepo umeanza, watu sita ndani. Walirudi kwa makasia. Fundi akasema kabureta imekwisha, iandaliwe laki tatu. Baba mdogo akanipigia: "Mwanangu, boom limetoka?" Nikamwambia nakuja nalo. Nilijua nikilitoa, semista hii ni maandazi makavu mpaka mtihani.

Jumamosi tuko mwaloni, hela bado ipo mfukoni, mzee mmoja mvuvi akatuuliza: "Ikianza kukohoa, mmeshabinya kipira?" Tukatazamana. Kwa msiojua, kwenye mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye mashine kuna kipira cha kubinya, kina mshale unaoelekea mashine. Kabla ya kuwasha unakibinya mpaka kiwe kigumu.

Tukaingia majini. Ilipoanza kukohoa nikabinya, nikabinya. Ikashika! Nikiacha, inakohoa tena. Mzee akasema basi, kabureta iacheni kwanza. Kama vitundu vyake vingekuwa vimeziba, kubinya kusingeleta nafuu ya namna hii. Mashine ina njaa, chakula hakifiki. Na kwa stroku mbili njaa hiyo ni mbaya, maana oili imechanganywa humo humo kwenye petroli, kama lita 1 kwa lita 50. Petroli ikipungua na oili inapungua, pistoni inaweza kukwama moja kwa moja.

Tukaanza kufuata njia ya mafuta, swali moja moja. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi: liko wazi. (Likifungwa, petroli inagoma kutoka.) Tukachota petroli ya chini kabisa ya tangi, tukaitia kwenye chupa nyeupe ituliie. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekaa chini tukayaona. Hakuna. Tukaazima tangi na mpira wa jirani. Mashine ikaenda mpaka mwisho bila kukohoa! Kwa hiyo pampu ya mafuta nayo nzima. Ugonjwa uko kwenye tangi letu au mpira wetu.

Ulikuwa ufa, umejificha chini ya kibano, kati ya tangi na kipira. Haukudondosha hata tone, ndiyo maana hakuna aliyeuona. Upande ule mafuta yanavutwa, kwa hiyo ufa unaingiza hewa badala ya kutoa petroli. Tukakata kipande cha kama vidole vitatu, tukafunga kibano kipya cha shilingi elfu moja. Basi!

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kijana wa kidato cha pili. Asubuhi anajibu vizuri tu, mchana analala. Nikaandika "hana bidii", nikamwongezea maswali. Sikumuuliza hata siku moja kama amekula. Yaani yule fundi ndiye mimi, na mpaka narudi chuo sikuwahi kujua kilichokuwa kinamsumbua.

Haya, kipindi kimekaribia. Boom bado lipo, lakini msije kunikopa. Tuko pamoja.