Muhuri wa Sahihi

Chukua noti yo yote ya Kenya, msomaji mwema, uitazame. Utaona juu yake sahihi ya Gavana wa Benki Kuu. Hakuna adhaniaye kuwa Gavana aliketi akazitia sahihi noti zote kwa mkono wake. Ile ni chapa tu, nasi twaikubali sokoni pasipo kuuliza. Kwa nini basi twasita tuonapo chapa kama hiyo juu ya barua ya serikali?

Mimi ni mwalimu huku Kericho, na wazazi wengi wa wanafunzi wangu huchuma chai. Waombapo msaada wa karo, fomu hupita kwa wakubwa kadhaa, na kila mmoja hutia sahihi. Mmoja akiwa safarini, mtoto hungoja nyumbani. Nilimwona mama mmoja akipanda na kushuka kilima siku nne kwa ajili ya mstari mmoja wa wino, na siku zote nne alikosa ujira, maana mchumaji hulipwa kwa kilo. Dole gumba lake lilikuwa limekwisha kutiwa. Kalamu ya mkubwa ndiyo iliyokosekana!

Jambo hili si geni. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alipodhoofika, tangu mwaka 1545 makarani wake walitumia muhuri mkavu: ulikandamizwa karatasini ukaacha alama ya sahihi yake, kisha karani akaifuata alama ile kwa wino. Lakini angalia hadhari yao: kila mwezi iliandikwa orodha ya hati zote zilizopigwa muhuri. Hata hivyo ugomvi haukukosekana. Wosia wake wa Desemba 1546 umo katika orodha hiyo, na watu walibishana miaka mingi kama ulikuwa halali.

Hapa Kenya, sheria iliyorekebishwa mwaka 2020 imekubali sahihi za kielektroniki katika mikataba. Mimi nami ningeuruhusu muhuri kwa hati zimpazo mtu haki yake: karo, risiti, leseni. Kwa hati ya kumwondoa mtu katika ardhi yake nataka mkono wenyewe. Wakipsigis, ambao wazee wao walihamishwa na serikali ya kikoloni ili mashamba yapandwe chai, watanielewa upesi.

Na muhuri wenyewe ufungiwe kabatini, ufunguo uwe kwa mtu mmoja, na daftari kando yake. Afisi moja niijuayo huuacha mezani, karibu na birika la chai, na kila aingiaye huusogeza ili apate mahali pa kuweka kikombe.