Raha ya Kumngoja Elki Juu ya Mti

Taja uwindaji mbele ya Mkenya wa mjini, na mawazo yake yatakwenda moja kwa moja kwa majangili wa ndovu. Si ajabu. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 1977, na wengi wa wasomaji wetu wamekua bila kumwona mtu akiingia mwituni na silaha kwa ruhusa ya serikali. Huko Colorado, Marekani, mambo ni tofauti. Ufikapo mwezi wa Septemba, walimu, makanika, hata baba na binti yake, huchukua leseni na pinde zao, wakaingia msituni kumtafuta elki.

Mwaliko wangu ulitoka kwa Mkenya mwenzetu aliyehamia huko miaka mingi iliyopita. Kutoka Denver tulisafiri kwa gari muda wa saa nne hivi. Tulielekea magharibi hadi mji uitwao Rifle, yaani Bunduki, kisha tukakata kaskazini mpaka Meeker. Mji huo mdogo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kama Nanyuki, na baridi yake ya asubuhi inataka sweta mbili. Ni hapo Theodore Roosevelt alipofika Januari 1901 kuwinda puma. Ndiye huyo huyo aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake mashuhuri ya kuwinda Afrika Mashariki.

Mnyama mwenyewe

Elki ni jamaa ya ayala anayetajwa katika Zaburi, ila huyu ni mkubwa ajabu. Dume hufikia kilo 300 na zaidi, na pembe zake zina matawi kama mti uliopukutika majani. Kila mwaka pembe hizo hudondoka na nyingine huota. Septemba ni msimu wa madume kushindania majike, na dume hupiga ukelele unaoanza kwa mngurumo, ukapanda juu kama filimbi, kisha ukaishia kwa mikoromo. Nilipousikia mara ya kwanza, nywele zilinisimama.

Mwanzoni mwa karne ya 20 elki walikuwa karibu kutoweka Colorado kwa sababu ya kuwindwa ovyo ili nyama iuzwe. Ikabidi wengine waletwe kutoka Wyoming, na uwindaji ukawekewa sheria kali. Tangu mwaka 1937 fedha za kodi maalumu ambayo Marekani hutoza bunduki na risasi, na baadaye pinde na mishale, husaidia kuhifadhi wanyama. Leo Colorado ina elki zaidi ya laki mbili na nusu, wengi kuliko jimbo lingine lolote nchini humo.

Dungu la chuma

Wazee wetu walijenga dungu shambani ili wafukuze ndege na nyani. Dungu la mwindaji wa elki ni la chuma, kiti chake ni chembamba kuliko cha matatu, nalo hufungwa kwenye shina la mti mita tano au sita kutoka chini. Anayepanda huvaa mikanda ya usalama inayozunguka mabega, kifua na mapaja, nayo hufungwa mtini tangu hatua ya kwanza hadi atakapokanyaga ardhi tena. Upinde huvutwa juu baadaye kwa kamba.

“Ndugu yangu, katika kazi hii mti ndio wa kuogopwa, si mnyama,” mwenyeji wangu aliniambia huku akikagua mikanda yangu kwa mara ya pili.

Alikuwa amefunga viti viwili katika misonobari miwili iliyokaribiana, karibu na dimbwi la matope ambamo madume hugaagaa. Mimi sikuwa na leseni wala silaha. Kazi yangu ilikuwa kuketi na kunyamaza.

Mkubwa wa kuhofiwa hapo ni pua ya elki. Milimani, jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hewa huteremka bondeni. Ndiyo sababu madungu yetu yalikuwa upande wa chini wa dimbwi, ili harufu yetu iteremke mbali na mnyama. Kila mara mwenyeji wangu alitoa kichupa cha unga mwepesi, akapuliza kidogo, akatazama unaelekea wapi.

Jioni ya kwanza hatukuona elki hata mmoja. Saa nzima akili yangu ilikuwa bado mjini, ikihesabu simu na madeni. Saa ya pili nikaanza kuona. Kindi aliyekuwa akitukemea alisahau kwamba tupo. Kulungu mwenye masikio makubwa kama ya punda alikuja kunywa maji chini ya miguu yangu. Miti ya aspeni ilikuwa imegeuka rangi ya dhahabu, na majani yake, ambayo vikonyo vyake ni bapa, yalitetemeka hata upepo ulipokuwa haba. Anayetembea msituni huona mikia ya wanyama wanaokimbia. Aliyetulia mtini huwaona wakiishi.

Jioni ya tatu walitokea jike na ndama, na nyuma yao dume. Alisimama hatua 20 kutoka kwetu, ametuelekea kifua. Mwenyeji wangu alishika upinde bila kuuvuta. Mnyama aliyesimama hivyo anaweza kujeruhiwa tu, akaenda kufa mbali kwa mateso. Dume akagaagaa, akainuka ametapakaa tope, akaenda zake. Nilidhani rafiki yangu angekasirika. Nilipomtazama alikuwa akitabasamu.

Jioni ya tano dume mwingine alisimama ubavu. Mshale ulikwenda. Tulingoja nusu saa kabla ya kushuka, kisha tukafuata damu kwa tochi mpaka tukamkuta amelala kati ya miti. Niliweka mkono shingoni mwake, pangali na joto. Sitasema uongo kwamba ilikuwa furaha tupu. Mwenzangu naye alivua kofia akakaa kimya kitambo.

Sheria ya huko hairuhusu kuacha nyama inayofaa kuliwa iharibike. Tulibeba mapande mgongoni hadi usiku wa manane, na kesho yake tukarudia. Nyama hiyo ndiyo kitoweo cha nyumba yake majira yote ya baridi. Watoto wake walitupokea kwa ugali.

Sisemi turudishe uwindaji Kenya. Lakini raha kubwa niliyoiona kule haikuhitaji mshale, na sisi tunaijua. Mwaka 1932 hoteli ya Treetops ilijengwa juu ya mti huko Aberdare ili watu wakae kimya na kuwatazama wanyama.

Basi mzazi, siku utakapowapeleka watoto Mbuga ya Nairobi, usikimbizane na magari mengine kutafuta simba. Simama kando ya bwawa, zima injini, nyamazeni nusu saa. Waambie wahesabu kila kinachokuja kunywa.