Mahoma: Ziwa Lililoachwa na Barafu

Wengi waendao Kasese kuitazama milima ya Rwenzori huuliza habari za kilele tu. Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kimewatia watu hamu tangu mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia alipopita bonde la Mubuku na msururu wa wapagazi akavipanda vilele vikuu. Lakini safari ya kilele huchukua siku saba au zaidi, nayo hutaka fedha, kamba na mapafu yenye nguvu. Ipo njia nyingine, ya siku tatu, inayozunguka ubavuni mwa mlima kwa mwendo wa kilomita 28 hivi, ikapita kwenye ziwa Mahoma lililojificha msituni, kisha ikarudi ilikoanzia. Kwa kuwa haifiki kwenye theluji, wako wanaoidharau na kuiita matembezi. Dharau hiyo haivuki adhuhuri ya siku ya kwanza.

Safari huanzia Nyakalengija, penye kimo cha mita kama 1,600, katikati ya migomba na kahawa za Wakonzo. Hapo mizigo hugawanywa. Mpagazi hufunga furushi lake kwa ukanda upitao juu ya kichwa, huvaa mabuti ya mpira, na hushika fimbo. Mgeni aliyenunua viatu vya ngozi vya bei kubwa humtazama kwa huruma. Kesho yake humwonea wivu.

Kutoka mashambani njia huingia hifadhini na kuanza kupanda bila kupumzika. Kambi ya kwanza iko karibu na mita 3,000, maana yake msafiri hupanda zaidi ya mita 1,300 kabla ya jua kutua. Msitu wa chini ni wa kima, mbega na kulukulu wa Rwenzori, ambaye mbawa zake nyekundu huonekana mara moja tu anaporuka, kisha hupotea. Kinyonga mwenye pembe tatu hukaa kitako tawini, na kiongozi humwona pale ambapo mgeni ameona majani matupu. Sokwe husikika kuliko kuonekana.

Halafu huja mianzi. Humo mwanga hupungua, ardhi hugeuka utelezi, na mtu hujikuta akivuta mguu mmoja kutoka topeni huku wa pili ukizama. Baadhi ya wasomaji wa gazeti hili wanaijua mianzi ya Rwenzori kwa namna nyingine. Waasi wa ADF walipoingia milimani mwishoni mwa miaka ya 1990, hifadhi ilifungwa kwa wageni mwaka 1997, na haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2001. Askari waliolala katika mabonde haya wakati ule, blanketi zimelowa na kuni hazishiki moto, hawana haja ya kuelezwa kwamba ukungu wa hapa huweza kumficha mtu aliye hatua kumi mbele. Wakonzo wa vijiji vya chini nao waliyahama mashamba yao, na kazi ya upagazi ikafa. Leo katika ukungu ule ule mgeni husikia kikohozi cha mpagazi na mlio wa sufuria iliyoning'inia mzigoni.

Siku ya pili si ndefu, lakini haina haraka. Njia hufuata migongo ya ardhi ambako miti imefunikwa kuvumwani, na nyuzi za kijivu huning'inia matawini kama ndevu za mzee. Kisha, bila dalili yoyote, miti hufunguka na ziwa liko chini: dogo, jeusi, halina mashua wala nyumba. Msafiri aliyezoea Viktoria au George hushangaa kwamba ametaabika kiasi hiki kwa maji ambayo mtu angeweza kupiga kelele akasikika ng'ambo.

Ukubwa wake umo katika habari yake. Migongo ile msafiri aliyoikanyaga asubuhi kutwa si miamba ya mlima. Ni kifusi cha mawe na udongo kilichosukumwa na mto wa barafu ulioteremka mpaka hapa, kwenye kimo cha mita 2,960 hivi. Barafu iliporudi juu, shimo lililobaki kati ya kifusi likajaa maji. Mwaka 1962 mwanasayansi Daniel Livingstone alitangaza matokeo ya tope alilolichimbua kwa bomba chini ya ziwa hili: tope la chini kabisa lilikuwa na umri wa miaka ipatayo 14,700 kwa kipimo cha kaboni. Basi barafu ilikuwa imekwisha ondoka kabla ya hapo. Ile iliyobaki vileleni, ambayo Wakonzo huiita Nzururu na kuiheshimu kuwa makao ya Kitasamba, nayo inaondoka. Ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906, ikawa kama moja tu mwaka 2003.

Usiku wa ziwani ni baridi kali, na hapo ndipo ajali nyingi huanzia, kwa kuwa mtu aliyelowa hujilaza na nguo zake akidhani uchovu utampasha joto. Nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni na zisiguswe mchana hata mvua ikinyesha namna gani. Miezi ya Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ndiyo yenye mvua chache. Chache, si kwamba haipo. Watoto wadogo waachwe nyumbani.

Siku ya tatu ni ya kushuka, na wanaopanda kwa ushujaa ndio wanaoanguka hapa. Magoti hutetemeka, mizizi iliyolowa huteleza kama sabuni, na kiongozi hukataa katakata kuharakishwa, hata kama gari linasubiri chini. Alasiri migomba huonekana tena. Nyakalengija wapagazi hukaa juu ya jiwe, huvua mabuti, na kila mmoja humwaga maji ya kahawia, huku mgeni, viatu vyake mkononi, akiuliza bei ya mabuti ya mpira mjini Kasese.